Alama Kwenye Klachi ya Baba

Harufu ya klachi inayoungua hukaa kooni. Ukiwa umeinusa utotoni, hutaichanganya tena na moshi wa jikoni wala na mpira unaochomwa jalalani. Msimu ule ilishinda hata harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, na nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Migori, kushinda omena si mchezo. Baba alikuwa na pikapu nyeupe kuukuu iliyobeba omena kutoka Muhuru Bay hadi masoko ya Migori na Homa Bay. Hiyo ndiyo iliyotulisha na kutusomesha. Ilipoanza kunguruma bila kwenda, mama alisema wazi kwamba wanawake wa omena hawamngoji mtu, wangetafuta gari jingine. Nilikuwa na miaka tisa, na ndipo nilipoelewa kwamba nyumba nzima ilitegemea kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona.

Baba hakuamini watu. Sukari aliyonunua dukani aliipima tena nyumbani, na mchungaji alipotuombea yeye alifumba jicho moja tu. Gereji hakutaka hata kuzisikia. Alisema gari huingia na vyombo vyake likatoka na vya mwenzake. Basi klachi ingebadilishwa uani kwetu, mbele ya macho yake. Aliyekuja ni fundi Marwa, Mkuria wa Kegonga, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Hakuwa na gereji. Alitembea na sanduku la spana kutoka boma hadi boma, na kazi aliipata kwa sababu mtu mmoja alimtaja vizuri kwa mwingine. Sisi ni Wajaluo, kwa hiyo yeye na baba walizungumza Kiswahili. Baba aliponinong'oneza kwa Dholuo, Marwa aliinama tu akaendelea kufungua nati, na baba akaona hata kule kuinama ni ujanja.

Walilipandisha gari juu ya magogo. Marwa akaingia chini kwa mgongo, akafungua nyaya na nati moja baada ya nyingine, na giaboksi ikashuka polepole juu ya jeki. Baba aliishikilia upande mmoja huku akitazama zaidi mikono ya Marwa kuliko giaboksi yenyewe. Pleti ya zamani, ile sahani ya klachi, ilikuwa imelika hadi kwenye ribiti, pini zinazoishikilia. Mpya, ambayo baba alikuwa ameilaza chini ya kitanda chake tangu aliponunua, ilitolewa ikaegemezwa ukutani. Saa saba mama akaandaa ugali na samaki. Baba alimwita Marwa ndani, na alipopita karibu yangu akanitia msumari mkononi. "Piga mstari hapo katikati, kwenye chuma," aliniambia kwa Dholuo. "Akiibadilisha tutajua."

Nilijaribu, nasema kweli. Chuma kilikuwa kigumu na msumari uliteleza tu. Ndipo nikamkumbuka nyanya yangu ofisini kwa chifu, alivyobonyeza dole gumba kwenye wino, na karani akaniambia hakuna mtu mwingine duniani mwenye dole kama lile. Kopo la grisi la Marwa lilikuwa wazi. Nikachovya dole langu, nikabonyeza kwenye ile sehemu ya kahawia inayoizunguka pleti. Kwa kuwa ilipendeza, nikabonyeza tena na tena, upande huu na upande ule, hadi nikaimaliza. Kumbe hapo ndipo pasipotakiwa kuguswa na mafuta hata tone, kwa sababu hapo ndipo klachi inaposhikia. Baba alipotoka aliniuliza kwa macho, nami nikaitikia kwa kichwa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini Marwa hakuona. Nadhani ni kwa sababu baba alimsimamia kichwani akimuuliza maswali mfululizo, naye akataka kumaliza aende zake. Aliifunga pleti, akachomeka katikati yake kijiti cha mti wa mpera alichokichonga mwenyewe ili ikae sawasawa, kisha akakichomoa. Giaboksi waliiinua mara tatu ikakataa. Mara ya nne iliingia kwa mlio mdogo, na baba nusura atabasamu.

Kesho yake pikapu ilijaa magunia. Kwenye kilima cha kwanza ikatetemeka, injini ikapiga kelele bila gari kusogea, na ile harufu ikarudi. Wanawake walihamishia magunia yao kwenye gari la mtu mwingine. Baba alisimama sokoni akamtangazia kila mwenye masikio kwamba fundi Marwa ameiba pleti mpya. Marwa aliposikia alikuja siku hiyo hiyo, akashusha giaboksi upya, peke yake. Baba aliigeuza pleti huku na huku akitafuta mstari ambao haukuwapo.

"Alama iko wapi?"

"Alama gani, mzee? Hii pleti ni ile tu uliniletea. Imeshika grisi."

"Na grisi hapa ni ya nani?"

Marwa aliinua pleti juani. Alama zangu zilikuwa zimeungua zikawa nyeusi, lakini chache zilionekana bado. Aliweka dole gumba lake juu ya mojawapo, likaifunika yote. Kisha akatazama mikono yangu. Niliificha mgongoni, na kwa kuificha nikawa nimemwambia kila kitu. Baba alikuwa amesimama kando yangu, na mimi na Marwa sote tulijua mkono wake ulivyokuwa mzito.

"Ni yangu, mzee," Marwa akasema. "Nimekosea."

Aliiosha pleti kwa petroli, akaipiga msasa, akairudisha. Gari likaenda vizuri kwa miaka. Baba alisema huo ndio ushahidi: mwizi alirudisha mali yetu katika dakika tano ambazo baba alikuwa msalani siku hiyo. Marwa alipokuwa akifunga sanduku lake alinipa kile kijiti cha mpera. Hakuna boma Migori lililomwita tena. Tulisikia amerudi Kegonga kulima mahindi. Niliona aibu, na nikanyamaza.

Siku hizi naishi Homa Bay na nina gari langu dogo. Mwaka huu klachi yake ilipokwisha nilimwita fundi nyumbani, naye alipiga picha kila kifaa kwa simu akanitumia kabla sijamuuliza. Anajua hatuaminiani, na ameshazoea. Baba, mvi kichwa kizima, alikuwa amekuja kutusalimia. Nilimkuta uani ameinama sikioni mwa binti yangu, msumari mkononi. Nikamvuta kando nikamweleza yote, msumari ulioteleza, grisi, dole langu. Nililia nikieleza.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanitazama kama alivyokuwa akimtazama Marwa.

"Huyo mtu alikupa nini," akauliza, "ndio mpaka leo unamtetea?"

Kweli alinipa kitu, na kiko kwenye droo yangu.