Mwano wa Asubuhi ya Maziko

Mimi si mtu wa kupiga kelele. Wateja wangu pale Nyasubi, mjini Kahama, ninakouza vitenge, watakwambia nina ulimi mkali, na ni kweli, lakini sauti yangu huwa ya chini. Ndiyo maana yowe nililopiga asubuhi ile kijijini kwetu, upande wa Kishapu, hata mama yangu mzazi hakuamini kwamba limetoka kwangu.

Ulikuwa mwaka wa vurugu za uchaguzi. Mjini maduka yalifungwa, simu zikakosa mtandao, watu wakaambiana wabaki ndani. Kijijini hakukuwa na fujo yoyote, ila hofu yenyewe ilifika bila kulipa nauli. Mwenyekiti wa kijiji alifunga ofisi akaenda kwa ndugu zake, ati anasubiri hali itulie. Na kiti kikiachwa wazi hakikosi mkaaji. Aliyekikalia ni mchungaji mmoja aliyekuja miaka ya karibuni kutoka machimbo ya Geita, na hema lake na kipaza sauti chake.

Mwanzoni tulimshukuru, niseme haki. Aliombea watu, akawatuliza. Halafu akaanza kuamua kesi za mipaka ya mashamba. Halafu akapiga marufuku ngoma, akapiga marufuku pombe ya mtama, akaamuru kila kaya ihudhurie maombi yake ya alfajiri, hata kaya za Waislamu, hata Wakatoliki kama sisi. Asiyekwenda anatengwa. Na kutengwa kwetu Usukumani si mchezo: hakuna wa kukusalimu, hakuna wa kukuuzia chumvi, na ukifiwa hakuna anayekuja kukuzikia. Ni adhabu ya zamani, ya wezi wa ng'ombe na wakorofi. Yeye aliiazima akaibatiza.

Mimi ninasali, na Mungu wangu namwogopa. Kwa hiyo iliniuma zaidi. Mtu akishasema amri yake ni ya Mungu, utamkatia rufaa wapi? Mwenyekiti angalau unaweza kumnunia, ukamngojea kwenye sanduku la kura. Baba yangu alimwambia hayohayo mbele ya watu: "Mungu hatukumpigia kura, na hatuwezi kumwondoa. Wewe je, nani alikupigia?" Watu walicheka sana. Kesho yake baba akatengwa.

Akafa akiwa ametengwa, kifua kilimbana tu akaondoka. Barabara zilikuwa zimeshafunguliwa, kwa hiyo kaka yangu alitoka Geita anakochimba dhahabu, nami nikatoka Kahama. Tulimkuta mama kwenye mkeka, peke yake na marehemu. Msiba gani huo, jikoni hakuna wanawake, uani hakuna hata mwanamume mmoja aliyeleta kuni? Nikaenda kisimani kuchota maji. Nikamkuta jirani yetu, mama aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Nikampa salamu ya asubuhi ya kwetu, wangaluka. Akainamia ndoo yake. Machozi yalimtoka, salamu haikutoka.

Niliporudi kaka alikuwa ameshashika sururu. "Kaburi lisikutishe, dada," akasema. "Mimi kazi yangu ni mashimo. Saa nne nitakuwa nimemaliza."

"Shimo hata panya analo," nikamjibu. "Mtu anazikwa na watu."

Mama alitusikia kutoka ndani. Akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe, "Na yeye wafu wao wote aliwazika."

Hapo hasira zikanipanda, na kwa mara moja katika maisha yangu hasira zikaja na akili. Yule mchungaji alikuwa amekataza karibu kila kitu chetu, lakini alikuwa mgeni. Mwano hakuukataza. Mwano ni yowe la hatari. Ukiusikia, unaacha tonge mdomoni, unashika ulichonacho, fimbo au jembe, unakimbilia unakotoka. Haijalishi anayelia ni adui yako, ni mlevi au ametengwa. Asiyeitika hulipa faini, na anayeupiga bure hulipa pia. Nilijua nitalipa.

Nikajifunga kitenge kiunoni, nikasimama katikati ya uwanja, nikaupiga.

Kwanza kukawa kimya. Kisha ng'ambo ya mashamba ya pamba mtu akaupokea, na mwingine mbele yake, na vishindo vya miguu vikaanza kusikika. Wakajaa uani wakihema, wanaume na marungu, wanawake na michi, na yule mama wa kisimani na ndoo yake. Kamanda wa sungusungu, yaani walinzi wa kijiji, akaniuliza nimeibiwa nini.

"Majirani," nikasema. "Nilikuwa nao, nimerudi siwaoni. Mzee wenu yumo ndani, anawasubiri."

Hakuna aliyecheka. Kamanda ni mtu mkavu, asiye na maneno ya ziada. "Mwizi hayupo, moto haupo," akasema. "Umepiga mwano bure. Faini yako mbuzi. Na faini huliwa palepale ilipotozwa, na wote walioitika, kabla mtu hajaondoka." Sijui hadi leo kama alikuwa ananihukumu au ananisaidia.

Lakini utakaaje kula kwenye nyumba yenye maiti huku umekunja mikono? Mama wa kisimani ndiye aliyeanza. Alitua ndoo jikoni, akaingia kwa mama yangu, na kilio kikapanda mle ndani, kilio ambacho nyumba yetu ilikuwa imenyimwa. Wanaume wakamnyang'anya kaka sururu. Mbuzi akachinjwa na jirani Mwislamu, ili kila mtu ale.

Mchungaji alifika tukiwa kaburini, jeneza limeshateremshwa. Akainua kipaza sauti, akatangaza laana kwa kila aliyeshika jembe. Kamanda alimwacha amalize.

"Mchungaji, mwano uliusikia?"

"Niliusikia."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye maombi."

"Basi na wewe una faini."

Watu wakaguna kukubali, guno zito la watu waliochoka kwa muda mrefu. Nikamwona akipitisha macho kwenye nyuso, akitafuta wa kumtetea. Waumini wake walikuwepo tele, mikono yao imejaa udongo, na wote walikuwa wanaangalia chini.

"Mbuzi wake simtaki mimi," nikasema. "Alipe kwa chepe."

Kaka akamkabidhi chepe. Alisita, kisha akalaza kipaza sauti chini, akakunja mikono ya shati, akaanza kumwaga udongo pamoja na sisi, mpaka jasho likamlowesha mgongo. Nilisimama nikimtazama, na furaha niliyoisikia moyoni sikuisikia hata siku ya harusi yangu. Baba yangu alizikwa na kijiji kizima, na aliyemtenga akiwemo.