Hawe Alivyovuka Daraja la Reli

Mvua ilinyesha siku tatu, na kile kijito chetu nyuma ya Mariakani, ambacho siku nyingine unakivuka bila hata kukunja nguo, kikajaa hadi njia ya miguu ikapotea. Likabaki daraja la reli ya zamani tu. Vyuma vyake vimesimama pande zote mbili, vimeungana pembetatu kwa pembetatu, vimeshika kutu. Lakini sakafu hamna. Chini ni mataruma ya mbao yaliyobeba reli, na kati ya taruma na taruma unayaona maji yakienda.

Siku hiyo Hawe, ndivyo Wagiriama tunavyomwita bibi, ilikuwa lazima avuke. Kaka yangu anayekaa ng'ambo alikuwa amepata binti, mtoto wake wa kwanza. Mtoto angepewa jina la Hawe adhuhuri hiyo, na Hawe alitaka kumwita kwa kinywa chake mwenyewe. Tangu magoti yaanze kumsumbua hakuwa amelikanyaga daraja lile.

Treni ya mizigo ilikuwa imeshapita asubuhi. Hata hivyo nilitega sikio kwenye reli. Kimya. Nikampa mkono. Akapiga hatua mbili, akatazama chini, akaning'ang'ania mkono.

"Hawe, turudi?"

"Turudi wapi? Kwani mtoto yuko huku?"

Akajifunga leso vizuri, akakaa kitako juu ya taruma. Akajisogeza hadi la pili. La tatu. Mimi nikachuchumaa mbele yake, nikirudi nyuma kidogo kidogo, nimemshika mikono ili anitazame usoni, asiyatazame maji. Na kwa vile mimi ni mtu wa ndoto, nikaanza kumsimulia kwamba siku moja nitajenga daraja zuri kama hili, ila lenye sakafu, na benchi katikati.

"Benchi la nini?"

"La kupumzikia wewe."

"Basi lijenge haraka, katikati ndiyo hapa."

Ng'ambo alikuwa akisubiri muuza maziwa na baiskeli yake. Akapaza sauti, "Mama, leo unatufagilia daraja?"

"Nafagia, mwanangu, usije ukateleza ukamwaga maziwa ya watu!"

Alicheka, akailaza baiskeli, akaja akamshika mkono wa pili.

Tulifika jua limeshapinda. Wazee walikuwa wamekwisha kunywa chai, nikadhani jina limeshatajwa. Wifi yangu akanivuta kando mlangoni.

"Nimewaambia mtoto amelala, asiamshwe," akaninong'oneza.

Mtoto alikuwa macho, anatutazama sote.

Hawe akanawa kutu mikononi, akampakata, akalitaja jina mara moja tu, polepole. Mtoto akapiga chafya.

"Ameitika," akasema Hawe, machozi yakimtoka huku anacheka.