Diski ya Mama Emérita na Radi ya Nyamitaba

Ukitaka kumkasirisha Mama Emérita wa Nyamitaba, mwambie "fanya haraka". Hata ng'ombe hamkamui hivi hivi: anamsemesha kwanza, anampapasa mgongo, ndipo anasogeza ndoo. Maharagwe yake hayashuki motoni mpaka yameiva kweli, hata wageni wapige miayo. Na ukimtembelea, usidhani utainuka tu na kwenda zako. Atakusindikiza mpaka kwenye mteremko, mtaagana, halafu ataanza habari mpya kabisa! Majirani walimcheka kwa hilo miaka nenda miaka rudi.

Kwake kuna wifi. Ndiyo, Nyamitaba, juu ya kilima, kwa mjane mwenye ng'ombe wake wachache na shamba la viazi. Binti yake Bibiche, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeleta ruta, kile kisanduku cheupe kinachotoa wifi, akaiunganisha na betri ya sola. Nyuma yake wakachomeka diski, nayo ikawa ghala ya kilima kizima: nyimbo za kwaya, picha za ubatizo, video za harusi. Mtu anakaa uwanjani na simu yake, anachukua anachotaka, anashukuru, anakwenda.

Sasa, huku kwetu Masisi, mashariki ya Kongo, radi si ya kuchezewa. Wingu likinguruma tu, kila mtu anajua kazi yake: kuanua nguo nyekundu, kufunika kioo, na kung'oa kila waya ulio ndani ya nyumba. Kung'oa, nimesema! Ndivyo video ya harusi ya jirani Jérémie ilivyopotea. Ngurumo moja tu, shemeji yake akairukia diski na kuing'oa, taa yake ikiwa bado inapepesa, na video ile haijafunguka mpaka leo. Bibi harusi alilia kuliko siku aliyotolewa kwao. Maji yakimwagika hayazoleki.

Fundi Patient, anayetengeneza simu sokoni, ndiye aliyemweleza Mama Emérita kisa cha hasara ile. Simu inaweza kusema imemaliza kutuma, lakini ruta bado imekishika kitu mkononi, inakiandika kwenye diski. Ukivuta wakati huo, kimedondoka. Kwanza unaiambia ruta kwamba diski inaondoka, unangoja taa izime, ndipo unatoa.

Mama Emérita alicheka sana. "Kumbe njo vile! Hata mugeni hatumutoe mu nyumba kwa kumuvuta shati. Tunaagana naye kwanza."

Basi. Mama yake, bibi Nyirabagenzi, alifariki, na siku ya kuondoa matanga ikakaribia. Ukoo wote ulikuwa unakuja. Sauti ya marehemu, iliyorekodiwa akiwa mgonjwa kitandani, ilikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya simu ya Mama Emérita, simu ya zamani iliyovimba betri, inayojizimia ovyo. Alasiri, kesho yake ikiwa matanga, akaketi na kuihamishia sauti ile kwenye diski, ili asubuhi diski ichomekwe kwenye bafule, ile spika kubwa ya kanisa. Simu ikaonyesha imemaliza, kisha ikazima. Akaibonyeza, akaipiga kofi, akaipulizia. Wapi! Simu imekufa.

Hapo hapo ngurumo ikapasuka juu ya kilima. Kaka yake mkubwa, Kanyamibwa, aliyekuja kupanga viti, akaruka.

"Emérita! Toa ile kintu! Radi inakuya!"

"Taa ingali inapepesa, kaka."

"Taa gani? Unataka tufe juu ya taa?" Akanyoosha mkono aing'oe mwenyewe.

Mama Emérita akasimama katikati. Kwetu mdogo hasimami mbele ya mkubwa wake namna hiyo, naye aliiogopa radi, na kaka yake pia. Lakini alisimama.

"Kaka, sauti ya mama iko mule. Ukiivuta sasa, unamuzika mara ya pili."

Mkono wa Kanyamibwa ukabaki hewani.

"Bibiche, leta simu yako!" akaita Mama Emérita. Wakafungua ukurasa wa ruta. Neno la siri lilikuwa jina la ng'ombe wake mpendwa. Akaliandika vibaya, kidole kinateleza kwa jasho. Akafuta, akaandika tena, herufi kwa herufi. Likakubali. Akatafuta jina la diski, na chini yake neno la Kifaransa, "Retirer", yaani kutoa. Akalibonyeza. Kaduara kakaanza kuzunguka.

Mvua ikashuka kwenye mabati kwa kishindo. Nje kukawa kweupe, kukawa kweusi. Kanyamibwa alikuwa pembeni anasali Baba Yetu mbio mbio, mkate wa kila siku ameuruka kabisa. Kaduara kanazunguka tu. Mama Emérita hakukatoa macho.

Kakasimama. Ruta ikaandika kwamba sasa diski inaweza kutolewa, na taa ikazima. Akaivuta polepole, akaifunga ndani ya kitenge, akageuka. Hajafika mlangoni, paa! Radi ikapiga antena juu ya nyumba, ruta ikatema cheche, moshi ukajaa, na wote watatu wakajikuta sakafuni.

"Ruta imekufa!" akalia Bibiche.

"Ruta tutanunua ingine," akajibu mama yake kutoka chini. "Bibi yako batauzisha wapi?" Akainuka, diski kifuani, akapiga vigelegele kushinda ile mvua.

Kesho yake uwanja ulijaa. Kanyamibwa alikuwa keshawaeleza wageni wote jinsi alivyomshauri dada yake asiwe na papara. Haya bwana! Mama Emérita alimwacha ajitape, maana roho yake mwenyewe haikutulia: itafunguka kweli? Bibiche akachomeka diski kwenye bafule. Kimya. Kisha mkwaruzo. Kisha sauti ya Nyirabagenzi, nyembamba, yenye pumzi fupi, ikiimba wimbo wa kuwasifu ng'ombe ambao kilima hakikuusikia tena tangu augue. Akina mama wakashika vichwa.

Wimbo ukaisha. Walidhani ndiyo mwisho, lakini bibi akakohoa, akasema: "Kanyamibwa. Mbona unalia nyuma ya mulango? Minakuona. Kuya karibu, mutoto wangu."

Kanyamibwa, mzee mzima mwenye mvi, akasimama mbele ya ukoo wote, machozi yanamtiririka, akaitika kama alivyofundishwa kuitika utotoni mama akimwita, kwa neno la kumtakia maisha marefu:

"Karame, mama!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. "Rudisha!" watu wakapiga kelele. "Rudisha, Bibiche!" Na Bibiche akarudisha.