Siku Mama Pelajia Aliponiomba Mtoto Wangu

Asubuhi ile ya Jumapili haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mambo mengi ya juzi na jana yamekwisha kuniponyoka. Nilikuwa mke mchanga hapa Kalemie, nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, na bado nilikuwa nimekazwa kitenge tumboni kama ilivyo desturi ya mzazi. Nilitoka Niemba, kwa wakulima, nikaletwa na treni hadi kwenye nyumba ya watu wa ziwani. Mgeni ni kuku mweupe; kila nilichokifanya kilionekana. Aliyenifundisha kukaa katika nyumba ile ni mama mkwe wangu. Sasa wewe unakwenda kuolewa, na umeniuliza ndoa ni nini. Sina jibu lingine ila kukusimulia habari zake.

Tulimwita Mama Pelajia. Enzi zile za Zaire majina ya ubatizo yalikataliwa na serikali, na kwenye kitambulisho chake aliandikwa Kisimba. Kwenye biro, ofisi za serikali, wakiita Kisimba, aliitika. Nyumbani na kanisani alikuwa Pelajia, na hapo pia aliitika. "Mungu anajua yote mawili," alikuwa akisema.

Usidhani alikuwa mama wa sauti ya chini. Kanisani aliimba kwa nguvu hata wanakwaya wakamfuata yeye badala ya mwalimu wao. Aligombana na mumewe, Papa Gusti, fundi wa mitumbwi, kwa ajili ya tumbaku na kwa ajili ya matope ya viatu. Kisha akampakulia bukari, ugali wetu, yenye moto na kichwa cha samaki, maana alijua anapenda kichwa. Asubuhi alisali huku anachochea moto, na uji haukuungua hata siku moja. Alizaa watoto wengi, na baadhi yao aliwazika.

Mwaka ule surua iliingia kartie, mtaa wetu, ikapita nyumba hadi nyumba. Jirani yetu Kalenga, mvuvi, alimzika mwanawe aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami simhukumu. Lakini watu wenye msiba hutafuta wa kumlaumu, na wakampata Mama Tabu, mjane aliyekaa peke yake nyuma ya nyumba yetu, akiuza ndakala, dagaa wakavu. Hakuwa na mtoto aliye hai. Siku chache kabla mtoto wa Kalenga hajaugua, Mama Tabu alikuwa amempakata na kumpa ndizi. Hilo tu. Likatosha kumwita mulozi, yaani mchawi.

Jumapili hiyo mume wangu alikuwa Moba, ametumwa mbao na baba yake. Nilikuwa ndani ninanyonyesha niliposikia kelele. Nikachungulia dirishani: vijana walikuwa juu ya nyumba ya Mama Tabu wanang'oa mabati, na chini watu wamejaa. Ndipo nikamwona Mama Pelajia anarudi kutoka misa ya kwanza, rozari bado iko mkononi. Hakumwuliza mtu kitu. Alipenya katikati yao, akamshika Mama Tabu mkono, akaja naye hadi uani kwetu. Umati wote ukafuata.

"Mama Pelajia, utuachie ule mulozi!" Kalenga alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. "Njo yeye alikula mutoto wangu. Arudi kwao, ao tumuchome."

"Kwao ni hapa," alijibu Mama Pelajia. Akamkalisha Mama Tabu kwenye kiti, akaingia chumbani kwangu, akasukuma mlango.

Mwanangu, alipiga magoti. Mama mkwe, mbele ya mke wa mwanawe! Nilitaka kuinuka, akanishika goti.

"Binti yangu, hawa watu maneno haitawatosha. Nataka Mama Tabu amupakate mutoto wako pale inje, mbele ya wote. Lakini mutoto ni wako. Ukikataa nitatafuta njia ingine, na sitakukasirikia."

Nikamkaza mwanangu kifuani. "Mama, na akikufa?"

"Surua inatembea. Siwezi kukuapia kama haitamufikia mutoto wetu. Ninachoweza kukuapia ni kama yule mama hana ulozi. Siku nilipozika mwana wangu wa pili, njo yeye alimuosha. Akalala na mimi chini kwenye kirago mpaka matanga ikaisha. Ninamujua."

Papa Gusti alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nilitazamia akataze, kwa kuwa mtoto alikuwa mjukuu wake, tena amepewa jina lake. Akamgeukia mkewe.

"Ukikosea, tumekosa wawili," alisema. Akabeba kiti chake, akaenda kukiweka kando ya Mama Tabu.

Sitakuficha, mimi Mama Tabu sikumjua vya kutosha. Niliyemjua ni huyu aliyepiga magoti mbele yangu, aliyeweza kuniamrisha akachagua kuniomba. Nikasimama, nikatoka na mwanangu.

Mama Tabu aliponiona alificha mikono ndani ya kitenge. "Hapana, musinipe! Akiugua wataniua."

"Akiugua," alisema Mama Pelajia, akikaa upande wake wa pili, "watatukuta hapa wote watatu."

Mikono ya mjane ikatoka polepole. Nikamlaza mtoto humo. Akapiga miayo, akaendelea kulala. Kisha mke wa Kalenga, ambaye tangu mazishi hakuna aliyemsikia sauti, akapita mbele ya mumewe, akakaa chini miguuni pa Mama Tabu.

"Ile ndizi ulimupa," aliuliza, "aliikula?"

"Aliikula yote, mwana wangu. Akacheka. Akataka ingine."

Mama yule akalia, na kichwa chake kikaanguka kwenye goti la Mama Tabu. Kalenga akageuka, akaondoka. Wengine wakatawanyika wawili watatu, bila kuagana.

Ungependa nikuambie yaliishia hapo. Wiki haikuisha, mtoto wangu akashikwa na homa. Watu wakaanza tena kusimama njiani, wakitazama kwetu. Nilimkuta Mama Tabu anafunga mzigo wake wa safari, na Mama Pelajia anaufungua.

"Ukikimbia, umewapa ushahidi," alimwambia. "Twende."

Akatupeleka sisi wawili kwenye disipansari ya masista kule kilimani, na hakutupitisha njia ya nyuma. Tulikata katikati ya kartie, Mama Tabu amembeba mtoto, sisi kila mmoja upande wake. Sista akampima, akasema si surua, ni malaria, akampa dawa na kutulaza pale. Siku zile Mama Pelajia alikaa kwenye benchi anasali rozari, na kati ya fumbo na fumbo ananikemea nile. Homa ikashuka. Mtoto akanyonya, na mimi nikalia kama aliyefiwa.

Tuliporudi tulimkuta Kalenga amesimama uani na mabati yaliyong'olewa. Hakuomba msamaha kwa maneno. Aliuliza tu, "Mama, ngazi yenu iko wapi?"

"Umechelewa, mvua imekwisha kumupata," Mama Pelajia alimjibu kwa ukali. Akampa ngazi. Jioni akampa na chakula.

Mama Tabu aliishi hapo miaka mingi, na wengi wa wanangu walijifunza kutembea uani kwake. Mama Pelajia alitutoka kabla nchi haijabadilishwa jina. Papa Gusti alimtengenezea sanduku kwa mbao zake nzuri za mtumbwi, akakataa fundi mwingine asiguse. Kalenga alikuwa miongoni mwa waliolibeba.

Basi, mwanangu, shika haya. Usimwahidi mtu kwamba ubaya hautafika. Hilo liko mikononi mwa Mungu. Wewe wajue majirani zako, uweze kuwashuhudia siku watu wanapowageuka. Hata ukiwa na haki ya kuamuru nyumbani kwako, jifunze kuomba. Mgombane na mumeo kwa vitu vidogo, hakuna awezaye kuviepuka. Ila siku ya hatari asikutafute akakukosa, wala wewe usimkose. Na sali, lakini ukimaliza kusali, inuka uende panapokuhitaji.

Mungu akutangulie kwenye nyumba unayoiendea. Akupe mume wa kusimama nawe, watoto wa kukuzika na si wa kuwazika, na moyo usioogopa watu. Mama Bikira akushike mkono. Nenda, binti yangu, umebarikiwa.