Kinywa Kilichobaki Kabatini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka ulimi wangu unakwenda wenyewe kuyagusa meno ya mbele. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeketi kwenye kiti cha muganga wa meno kule mtaa wa Katoyi, naye amenipa kipande cha nta laini nikiume.

Nianze nyuma kidogo. Nilikua na meno ya mbele yaliyopandana, nikawa nacheka nimeziba mdomo kwa kiganja. Muganga huyo aliyafunga waya miaka miwili mpaka yakanyooka. Siku ya kuzitoa alinipa apareyi, kibao chembamba cha kuvaa ili meno yasihame. Akasema, "Masika, hii ni ya kila usiku. Usichoke."

Mwaka mmoja nilitii. Halafu ujana ukanidanganya. Nilijiambia jino ni mfupa, na mfupa uende wapi? Nikakifunga kibao katika kitambaa, nikakisahau. Wazee walisema kweli, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Meno hayakuhama kwa siku moja. Kwanza sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ilianza kunasa mahali ambapo zamani haikunasa. Kisha ulimi ukakuta kona mpya. Kila asubuhi nilijitazama kiooni nisione badiliko lolote, lakini katika picha ya kwaya ya Pasaka mdomo wangu haukufanana na ule wa Krismasi. Niliogopa, nakwambia wazi. Nilihisi kuna mtu ndani ya kinywa changu anayefanya kazi nikiwa nimelala. Zaidi ya yote niliogopa kurudi kuwa yule msichana anayejificha nyuma ya mkono wake.

Ndiyo nikarudi Katoyi. Muganga aliitoa ile nta mdomoni mwangu, akafungua kabati, akashusha sanamu ya meno ya plasta nyeupe. Kilikuwa kinywa changu cha kabla ya waya, alichokichukulia umbo nikiwa na miaka kumi na saba. Akaiweka nta juu yake taratibu, nayo ikakaa. Alama za meno yangu ya asubuhi ile ziliyavaa meno ya zamani, zikakosea unywele tu. Miaka yote ile kinywa hicho kilikuwa gizani humo kikiningoja.

Nikamwuliza, "Papa muganga, nani aliyaonyesha meno njia ya kurudi?"

"Hakuna mutu, mama. Nyama ya fizi ndiyo inavutaka, haichokake. Hata ukizeeka, meno itatembea."

Alinifunga waya upya. Majuto ni mjukuu, nami mjukuu huyo nilimlea mwaka mzima na nusu. Tangu hapo nimevaa apareyi zaidi ya miaka thelathini. Mwaka jana tulipomzika mama kule Butembo, niliisahau apareyi hapa Goma wiki mbili. Niliporudi ilikataa kuingia, kisha ikauma. Meno yalikuwa yameshaanza safari.

Wewe umetolewa waya juzi, nakuona unavyojipitisha mbele ya kioo. Furahi, ni haki yako. Lakini usidhani kazi imekwisha, maana kunyoosha ni miaka miwili, kulinda ni maisha. Ivae apareyi yako. Ikivunjika mwone muganga wiki hiyohiyo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Na lolote jema utakalolipata kwa taabu, lichunge hivyohivyo.

Mungu akupe miaka mingi, mwanangu, na katika miaka hiyo yote akujalie usichoke hata usiku mmoja, kwa maana meno hayatachoka.