Nusu Mwezi Dirishani

Juzi nilimpeleka mwanangu skuli, na harufu ya chaki ikanirudisha kwenye darasa letu la mchana, Mji Mkongwe, ambako chokaa ya ukuta ilituchafua mabega kila tukiegemea.

Mwalimu wa sayansi alichora duara ubaoni, akasema mwezi huonekana nusu kwa sababu kivuli cha dunia kimeufunika. Nikainua mkono. Mwezi wenyewe ulikuwa kwenye dirisha la mashariki, nusu, mweupe kama kipande cha nazi. Jua lilikuwa likituchoma kwa madirisha ya magharibi.

"Mwalimu, haiwezekani," nilisema. Nilinyoosha mkono mmoja kwenye jua, mwengine kwenye mwezi. "Hii pembe mraba. Kivuli chetu kinakwenda upande uliolipa jua mgongo, na mwezi hauko huko. Jua linaumulika ubavuni, ndiyo tunaona nusu."

Aliutazama mwezi, akaitazama mikono yangu. Nikaona kuwa ameelewa. Halafu uso ukamkunjika.

"Nani kakufundisha jeuri hiyo?"

"Hakuna, mwalimu. Nimepima."

"Basi ilete hiyo mikono uliyopimia."

Kila fimbo iliposhuka aliniambia, "Sema kivuli." Nilikataa, meno nimeyauma, nikimchukia kwa moyo wote. Shoga yangu niliyekaa naye alipoanza kulia kwa ajili yangu, ndipo nikasema.

Mwisho wa muhula alituletea swali lile lile. Niliandika "kivuli cha dunia," kwa hati nzuri, akanitilia vema.