Kitambaa Changu Kwenye Usukani

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa mwaka wa sombe ya spinachi. Watu wa Haltom City mnaujua: 2017, kabla hatujagundua duka la Wavietnamu lenye sombe halisi, ya majani ya muhogo, kwenye friza, tukawa tunaponda spinachi na kuitia mawese, tukidanganyana kwamba ni ileile. Niliingia gereji na bakuli la sombe hiyo ya uongo, umri miaka hamsini na tisa, shule darasa la tatu, Kiingereza maneno kumi.

Sasa nasikia vijana wetu wakisema kanisani kwamba Bibi alikuwa anaosha magari. Kuosha magari ni kazi ya heshima, lakini siyo yangu, na sitaki kazi yangu izikwe nikiwa hai. Mimi niliandaa magari ya spoti, yale yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa ajili ya barabara za theluji na chumvi.

Mtauliza theluji gani Texas. Ni ya wenzetu wa majimbo ya kaskazini. Kule barafu ikishika barabara wanaimwagia chumvi iyeyuke, na chumvi hiyo inapanda chini ya gari inakula chuma kama mchwa kwenye fremu ya mlango. Ndiyo maana wanapenda magari ya huku, hayajaliwa. Gereji yetu iliyaandaa kwanza, ndipo yakaondoka.

Fundi mkuu, Mkongo mwenzangu wa Bukavu, alinifundisha asubuhi ileile, gari likiwa limeinuliwa juu ya vichwa vyetu.

"Maman, injini iko mbele, lakini magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma. Na nyuma ni kwepesi. Kwenye barafu itakuwaje?"

"Litatingisha matako," nikamjibu.

"Basi shule umemaliza. Chukua brashi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unaosha tumbo la gari mpaka chuma kionekane. Unazibua matundu madogo chini ya milango, ya kutolea maji. Unaacha likauke siku mbili, feni zikipuliza. Hapo ndipo unapuliza nta ya kuzuia kutu. Ukiipuliza juu ya maji, umeyafungia ndani pamoja na kutu. Halafu matairi: ya kiangazi yakipata baridi yanakuwa magumu kama sahani, kwa hiyo unatoa yote manne, unaweka ya baridi, yenye mpira laini na mikato mingi. Manne, siyo mawili ya nyuma tu, maana gari halibadili viatu mguu mmoja.

Gari likiwa tayari, wenzangu walitia saini kwenye kadi yake ya ukaguzi. Mimi nilifunga ukanda wa kitenge kwenye usukani, kwa fundo letu la kufungia mtoto mgongoni, ncha zimeingia ndani. Dereva asipouona, gari haling'oki. Fundi mkuu aliikubali sheria hiyo.

2018 tulipelekwa wote wawili tawi la Houston kufundisha. Yeye akabaki huko, mimi nikarudi Haltom City nikamkuta meneja mpya, Mkenya, kijana wa shati lililopigwa pasi, asiyewahi kulala chini ya gari.

Mwaka uliofuata, baridi ikianza, akaja Nuru, nesi Mtanzania wa DeSoto, hapahapa Texas. Alikuwa amepata kazi hospitali ya kaskazini, akanunua kwetu gari jekundu la milango miwili. Nililiosha asubuhi. Mchana meneja akaniambia:

"Mama, hiyo gari ya nesi inatoka kesho. Piga nta sasa."

"Bado linadondosha maji. Na matairi ni ya kiangazi."

"Matairi ni mpya."

"Mapya ya kiangazi."

"Mimi nimesomea magari, Mama. Wewe umesomea wapi?"

"Chini yake. Kitambaa changu sikifungi kwenye gari hili."

Nikavua aproni yangu ya kitenge, nikaitundika msumarini, nikaenda nyumbani.

Kesho yake nafika, Nuru anapakia masanduku kwenye buti. Kwenye usukani kuna kitenge.

"Shikamoo Bibi," akasema. "Barafu ilikuwa inaninyima usingizi. Nilipoona kitambaa chako nikatulia."

"Marahaba."

Nikalitazama fundo. Lilikuwa na masikio mawili, kama kamba ya kiatu. Nikaenda kwenye msumari, aproni yangu imekatwa pindo. Mtu ameninyang'anya mkono wangu akatia nao saini, na binti wa watu angeenda kuzunguka kwenye barafu akiamini ni mimi nimemtuma.

"Toa masanduku, mwanangu."

Meneja akatoka ofisini. "Mama, usiniharibie biashara."

Nikapiga goti, nikapitisha kidole chini ya mlango. Nta ikatoka pamoja na maji. Nikamwonyesha Nuru.

"Lakini Bibi, zamu yangu ya kwanza ni keshokutwa. Wataniona mzembe."

"Watakukemea ukiwa hai."

Akanitazama, akamtazama meneja, akashusha masanduku. Meneja akarudi ofisini, kwa kuwa wateja wawili walikuwa wamesimama wanasikiliza. Nilikwangua nta yote, nikaanza upya, na matairi ya baridi yote manne. Siku tatu. Siku ya nne nilifunga kitambaa mwenyewe. Nuru alipiga simu wiki ile: amekemewa, na mlima wa kwenda kazini gari lilipanda polepole, mkia haukucheza.

Niliacha kazi 2020, mwaka ambao kila nyumba ilikula sombe yake ndani peke yake. Magoti yamekwisha. Sijuti. Ninaowakasirikia ni watu wanaodhani kazi ya mikono haina neno lake, ni ya kuambiwa tu.

Mwaka huohuo meneja alikuja mpaka mlangoni kwangu akiendesha gari jeusi la spoti. Wateja wanaulizia kitambaa, alisema.

"Funga tu, Mama. Hata usiiname."

"Limekauka siku ngapi?"

"Si ni kitambaa tu?"

Chini ya mlango wa gari, tone likaanguka kwenye saruji yangu. Likafuata lingine.

"Kitambaa changu sikifungi kwenye gari hili."